Mbeleko ya Chatu

Chatu alisimama gizani, katikati ya mwinuko, na watu waliokuwa tumboni mwake wakampigia makofi.

"Hiyo! Hiyo ndiyo niliyoambiwa!" Maduhu alipaza sauti kutoka kiti cha mwisho kabisa. "Wamemwekea kituo cha kiza. Sasa nani alinibishia?"

"Kituo cha kiza ni cha kupoza watu," alijibu Shilinde kutoka mbele, kwa ile sauti yake ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Mimi sijakipenda. Chatu anapanda, anapanda, moyo umeshafika kooni, halafu unamsimamisha? Ni kama kumkata mwimbaji pumzi."

"Wee mzee, subiri kwanza! Hujui kinachokuja."

"Na hii harufu mnaisikia?" mwingine aliuliza. "Mpya hii. Kama mpira unaungua."

"Naisikia," alisema Shilinde. "Hapo nawapa heshima yao. Zamani ilikuwa udi tu, udi mpaka unadhani umeingia chumbani kwa bibi harusi."

Wakacheka wote. Nyanzobe hakucheka. Alikuwa mama wa makamo, mwuza vitunguu, na alikwisha kupanda kila kinachopandwa kwa kiingilio, toka Mwanza hadi Mombasa. Katika vyote hivyo hakuna alichokipenda kama huyu Chatu. Udi wa Chatu aliujua kama anavyojua moshi wa jiko lake. Harufu hii haikuwa ya maonyesho. Ilikuwa ya breki.

Chatu alikuwa treni la michezo, vibehewa vilivyoungana kama pingili za nyoka, na reli yake ilijikunja ndani ya shimo kubwa la dhahabu ambalo wachimbaji walikwisha kulikomba na kuondoka zao. Waliokuja baadaye waliliona lile shimo wakasema, hapa pana pesa nyingine. Wakalijengea bustani. Watu hushuka kwa miguu mpaka chini kabisa, wakapandia hapo, naye Chatu huwapandisha kwa njia ya mwambani, kizani, akazunguka nao mara kadhaa kabla ya kuchomoza juani na kujitupa. Magamba yake hubadilika rangi kadiri anavyokimbia. Macho yake huwaka. Humwita kila mtu kwa jina lake, sikioni, kwa kunong'ona.

Na alikuwa na wapenzi wake, chama kizima, waliogawanyika pande mbili, Kichwa na Mkia, vile vile kama Bagika na Bagalu wanavyogawanyika kwenye ngoma za Usukumani: kila upande una nyimbo zake, mabingwa wake na matusi yake ya heshima. Kichwa walikaa viti vya mbele, wakasema raha ya Chatu ni kuona. Mkia walikaa nyuma, wakasema raha ni kutupwa. Nyanzobe alikuwa Mkia, tena mkubwa wao. Shilinde ndiye aliyekuwa mkubwa wa Kichwa.

"Mama," alisema mwanamke aliyekaa ubavuni kwa Nyanzobe. "Hapa ndipo panaposimamaga?"

Huyo aliitwa Kidawa, Mzaramo, ameolewa huku, na siku hiyo ndiyo alikuwa anapanda kwa mara ya kwanza. Desturi ya chama ni kwamba mgeni hukaa na mwenyeji, kwa hiyo alipewa Nyanzobe. Kule chini, wakati wa kupanda, alikuwa na mdomo wa kutosha. Shilinde alimtania kwamba huku hakuna nazi ya kumtia nguvu, naye akamjibu, "Nyie Wasukuma mmekosa ng'ombe wa kuswaga, sasa mnapanga foleni kumpanda nyoka?" Watani hao. Sasa sauti yake ilikuwa nyembamba.

Kabla Nyanzobe hajamjibu, Chatu mwenyewe alisema.

"Nimepoteza mawasiliano na chumba cha waongozaji. Kikomo cha mbeleko hakisomeki. Nimefunga breki. Nasubiri maelekezo, au kauli moja."

Makofi yakalipuka upya.

"Kikomo cha mbeleko hakisomeki!" Maduhu alirudia, akilamba maneno kama asali. "Aliyeyatunga haya apewe ng'ombe dume."

"Sauti imepwaya kidogo," alisema Shilinde. "Lakini nakubali, wamewaza."

Nyanzobe alitega sikio. Sauti ile aliijua. Siku moja aliwahi kufika asubuhi mno, akakuta mafundi wamepakia mifuko ya mchanga vitini wanamjaribu Chatu. Siku hiyo Chatu hakuimba. Alisoma hali yake tu, breki hivi, magurudumu vile, kwa sauti kavu kama ya karani. Mbele ya watu Chatu huimba maneno yake, huyavuta, huyatetemesha. Sauti kavu ni ya mafundi. Chatu alikuwa anasema kweli tupu, na watu wake wakawa wanampa alama.

*

Mbeleko lilikuwa jina zuri. Waliolibuni walijua wanachofanya. Ulikuwa mkanda mpana wa mpira wenye akili, unaokuzunguka kifua na tumbo mara tu unapokaa, na haukuwa na kifungo cha kushika kwa mkono. Mpira ule husikiliza moyo. Mtu akitulia, nao hulegea, unausahau. Mtu akiogopa, hukaza, kwa sababu anayeogopa ndiye anayefurukuta, na anayefurukuta ndiye anayeanguka. Ndivyo mama afanyavyo mtoto akilia mgongoni: hukaza mbeleko. Watu wa chama waliupenda mkazo ule kuliko hata mteremko. Walisema bila kukazwa hujapanda kitu.

Ila mama ana huruma, anajua wapi pa kuachia. Mpira haujui. Kikomo chake huwekwa na waongozaji, kule juu, na huko juu sasa palikuwa kimya.

"Mama," alisema Kidawa. "Inanibana."

"Vuta pumzi polepole, mwanangu."

"Siwezi. Nikivuta… inakaza."

Nyanzobe alimtafuta mkono gizani, akaupata, ulikuwa wa baridi. Wake mwenyewe mkanda ulikwisha kumgusa mbavu. Akajilazimisha kufikiria vitunguu, magunia ya vitunguu yamepangwa ghalani, mpaka ukalegea. Nyuma yake Maduhu alikuwa anabishana na mtu kuhusu rangi ya magamba, kwamba ile ya zamani ilikuwa na uzito, na hii ya sasa ya kumetameta inafaa vitambaa vya ukumbi wa harusi.

Alitaka kupiga kelele. Alitaka kusema, jamani nyamazeni, huyu nyoka amekufa kweli na ametushika. Neno lilimfika mdomoni akalimeza. Wote wale walikuwa salama kwa sababu walikuwa wanafurahi. Ukweli ule ungewaingia vifuani wote kwa mara moja, na mbeleko zote zingeusikia.

Njia ilikuwa moja. Chatu akiambiwa "tosha" huachia breki na kurudi kinyumenyume, taratibu, kwa uzito wake mwenyewe, mpaka alikotoka. Zamani sauti ya mtu mmoja ilitosha. Lakini kila mara alikuwepo mmoja wa kuwaharibia wenzake, na chama kililalamika, kikalalamika, hadi wenye bustani wakachoka wakabadilisha: sasa ni lazima waseme wote. Kauli moja. Na toka siku hiyo hakuna upande uliokubali kuwa wa kwanza kulitamka. Atakayelitamka ataimbiwa mpaka wajukuu zake waone aibu.

"Maduhu," alisema Nyanzobe bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mimi nadhani tuseme tosha."

"Waanze Kichwa."

"Kichwa?" Shilinde alicheka. "Sisi tuko sebuleni kwetu. Anayetetemeka ndiye aombe mlango."

Kidawa alitoa sauti kama ya bawaba inayohitaji mafuta.

"Sawa," alisema Nyanzobe. "Mkia tumeshindwa. Tosha."

Maduhu alimdaka. "Mama Nyanzobe! Umelogwa?"

"Kiuno kinaniuma, baba. Sema tosha tushuke."

"Kiuno! Mkia mzima unauzwa kwa sababu ya kiuno!"

Kichwa hawakungoja. Wimbo ulizaliwa pale pale, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, kwamba mkia wa mjusi umekatika wenyewe, hata paka hajatokea. Wakaupigia na vigelegele. Watu wa Mkia, mmoja mmoja, kwa sauti za kununa, wakasema tosha, kwa kuwa mkubwa wao alikwisha kusema na hakukuwa na heshima yoyote iliyobaki ya kulinda. Maduhu alikuwa wa mwisho, akalitamka kama anatema mbegu ya ndimu.

"Na ninyi Kichwa," alisema Nyanzobe.

"Sisi tuna haraka gani?" alisema Shilinde. "Tunakaa hapa hapa na ushindi wetu."

"Utamwimbia nani humu, Bwana Shilinde? Mawe? Foleni yote iko kule chini, haijui kama umetushinda."

Shilinde alilifikiria hilo. Lilimwingia mahali pake. "Tosha," alisema kwa madaha, na watu wake wakalipokezana mpaka likaisha.

Chatu alingoja, kisha akasema kwa sauti ile kavu, "Kauli moja haijatimia. Kiti kimoja kimenyamaza."

"Nani huyo?" Maduhu aliuliza, roho imemrudi. "Nani huyo simba?"

"Si wangu," alisema Shilinde.

"Wala wetu wa Mkia. Jamani, mgeni! Ni mgeni! Shemeji Mzaramo ametupiga wote!"

Wakamshangilia. Wakampigia makofi kwa mahadhi, wakiita shemeji, shemeji, huku Kidawa ameuminya mkono wa Nyanzobe kwa nguvu ya mtu anayezama. Hakuwa amenyamaza kwa ushujaa. Neno la kumwokoa alikuwa nalo, pumzi ya kulitolea hakuwa nayo. Na kila kelele ya furaha ilipopanda, mpira ulilia kifuani mwake, kwii, ukimeza nafasi iliyobaki.

*

Chama kilikuwa na mwiko mmoja mkubwa kuliko yote: Chatu havuliwi gamba mbele ya mgeni. Siri za namna alivyotengenezwa walizijua wote, walizikusanya kwa miaka, wakazihesabu kuwa hirizi. Lakini mgeni aachwe na hofu yake, ndiyo mali yake, hataipata tena mara ya pili.

"Kidawa," alisema Nyanzobe, na safari hii alipaza sauti ili wote wasikie. "Magamba ya Chatu ni debe. Yanakatwa na mafundi wa karai, wale wa sokoni. Wanayapaka rangi ya magari."

Makofi yakakatika.

"Mama Nyanzobe," alisema Shilinde polepole. "Mwiko huo."

"Ni debe, mwanangu. Ukigonga linasema ngo."

"Mama! Tuliapa!"

"Nyamazeni kidogo," alisema Nyanzobe. "Nyamazeni mumsikie."

Wakanyamaza, wengine kwa hasira. Na katika kimya kile, kwa mara ya kwanza, waliisikia pumzi ya Kidawa. Ilikuwa kamlio kembamba, kanakuja na kukatika. Hakuna aliyekatolea alama.

Shilinde ndiye aliyeelewa kwanza. Nyanzobe aliujua wakati wenyewe, kwa sababu mbele kule, kwenye kiti cha heshima, mpira mwingine ulilia. Kwii. Halafu mzee yule akakohoa, akasema kwa utulivu uliomgharimu, "Macho yake ni taa za lori, shemeji. Lori lililopinduka. Nimemwona aliyeyauza."

"Jasho lake lile linalokudondokea," alisema mmoja wa Kichwa, "ni bomba la kumwagilia bustani, limetobolewa kwa msumari."

"Ule ubaridi wa kaburini ni barafu ya samaki. Inaletwa kila asubuhi na gari la sangara. Ndiyo maana siku nyingine ananuka."

"Ile mifupa inayovunjika ni karanga. Walirekodi mtu anabangua karanga."

"Ka…" alisema Kidawa.

"Karanga, shemeji! Karanga za kukaanga!"

Waliendelea, kila mmoja na siri yake, na Nyanzobe alisikia namna zilivyokuwa zinawatoka kwa shida, kama watu wanaovua pete vidoleni. Maduhu alikuwa wa mwisho.

"Ule mnong'ono," alisema. "Unaotuita majina. Si tunaandika majina yetu pale langoni tunapokata tiketi? Basi. Ni hayo hayo. Hatujui yule. Hajawahi kutujua."

Kidawa alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo kama chafya ya paka, lakini kilikuwa na hewa ndani yake. Mkono wake ulilegea kidogo.

"Mama," alisema. "Yote ya uongo?"

"Yote."

"Na hii? Hii inayonibana?"

Mpaka hapo Nyanzobe alikuwa hajasema uongo. Kila gamba lililovuliwa lilikuwa debe kweli, kila tone lilikuwa la bomba kweli. Ndiyo maana mwanamke yule alikuwa anamwamini. Aliupanda ukweli ngazi baada ya ngazi, na sasa aliinua mguu kutafuta ngazi ya mwisho. Amwambie nini? Kwamba hicho kimoja si mchezo? Kwamba mpira unamsikiliza, na ukiisikia hofu yake hautaachia, na hakuna mtu popote wa kuuzuia? Mtu mzima ana haki ya kujua kinachotaka kumuua. Nyanzobe aliiamini haki hiyo. Alikwisha kugombana na madaktari kwa ajili yake, siku walipomficha marehemu mumewe ugonjwa wake. Aliwaambia usoni, mmemnyima kifo chake mwenyewe. Na sasa zamu ilikuwa yake.

"Hiyo nayo ni mpira tu," alisema. "Haina akili. Unajazwa upepo, unatoka upepo. Umekaa vibaya, ndiyo maana."

Alingoja mtu ambishie.

"Mpira tu, shemeji," alisema Shilinde kutoka mbele, kwa kifua kilichobanwa. "Kama wa baiskeli."

Kidawa akavuta pumzi. Iliingia nusu. Akavuta nyingine, ikaingia zaidi, na mpira ukasema fyuu, ukarudi nyuma kama mnyama aliyeitwa na mwenyewe.

"Tosha," alisema.

Breki zikaachia. Chatu akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea chini, taratibu, na hakuna aliyeimba.

*

Kituoni mbeleko zilifunguka zenyewe. Watu wa chama walishuka bila kutazamana. Shilinde aliketi kwenye benchi la saruji, mkono kifuani, na Maduhu akasimama mbele yake kama mtu anayetaka kuuliza kitu lakini anaogopa atajibiwa. Nyanzobe alikwenda bombani. Alikunywa, akanawa uso, akakaa pale ameinama, maji yanamdondoka kidevuni, akipanga maneno. Sasa angeweza kumwambia. Sasa hapakuwa na mpira wa kusikiliza.

Kipaza sauti kilitangaza kwamba hitilafu ndogo ya maonyesho imetatuliwa. Taa ya lango ikawa ya kijani.

Alipogeuka, Kidawa alikuwa anamjia mbio, uso unang'aa.

"Mama! Kumbe mlikuwa mnanifanya mjinga! Nimekufa nimefufuka kwa ajili ya karanga!"

"Kidawa, keti kidogo."

"Sikai, nataka nione. Wifi yangu kapanda."

"Nani?"

"Wifi yangu, Ng'wasi. Mwoga huyo, hata ngazi ya ghorofa anapanda ameshika ukuta. Alikuwa amekuja kunisindikiza tu. Nimemwambia yote ni debe, hata ule mkanda ni wa upepo. Nimemkalisha mwenyewe."

Nyanzobe alimshika mabega. "Nilikudanganya."

"Wapi?"

"Mkanda. Mengine yote kweli. Mkanda nilikudanganya. Unasikia hofu, unakaza, na leo ulikuwa hauna kikomo. Ungejua, ungekufa."

Kidawa alimtazama. Kisha, taratibu, akapeleka mkono ubavuni, akajibonyeza, na uso wake ukajikunja kwa maumivu ambayo mpaka hapo alikuwa ameyachukulia kuwa ya kicheko.

"Ungeniambia lini?"

"Sasa. Nilikuwa nakuja."

"Sasa," alisema Kidawa.

Wakakimbia wote wawili. Mlinda lango, mtu mnene mwenye filimbi shingoni, aliwanyooshea mkono. Nyanzobe alimweleza kwa pumzi moja: chumba kilipotea, kikomo kilipotea, mtu nusura afe.

"Taa ya kijani, mama," alisema yule mtu. "Chumba kimerudi."

"Na kikipotea tena?"

"Kwani ninyi hamkurudi?"

Chatu alikuwa amejaa. Kwenye kibehewa cha katikati alikaa mwanamke mwembamba mwenye kilemba cha njano, mbeleko imekwisha kumzunguka, mikono juu ya mapaja, anatabasamu kama mtu aliyeahidiwa kitu. Alipomwona Kidawa alipunga. "Wifi! Kweli ni upepo tu! Hata siusikii!"

Nyanzobe alimwona Kidawa akifungua mdomo. Alimwona akiutazama ule mpira, umelala juu ya kifua cha wifi yake, mlegevu, mpole, unasikiliza. Akamwona anaufunga mdomo.

Hakungoja zaidi. Aliinua gauni lake, akashuka ukingoni, magoti yakalalamika, akasimama relini mbele ya kichwa cha Chatu. Chatu haondoki akiona mtu relini. Hilo nalo waliomjenga walilifikiria. Macho ya lori yakamwakia usoni. Filimbi ikalia. Foleni ikaanza kumzomea, na katikati ya kuzomewa alisikia buti zikishuka kokotoni upande wa pili, nzito, za mtu mzee, na Shilinde akaja akasimama karibu naye, akihema.

"Kuna nini, wifi?" Ng'wasi aliuliza kule kitini, na tabasamu likaanza kumtoka. "Mbona wale wamesimama pale?"

Kidawa alikwisha kufika. Alipiga magoti kando ya kibehewa, mkono mmoja ubavuni mwake, wa pili ameushika wa wifi yake, akamwinamia karibu kabisa ili asione kitu kingine ila uso wake.

"Hakuna kitu," alisema, akicheka, machozi yanamshuka. "Ni mpira tu, wifi. Nitazame mimi. Ni mpira tu."